Sigara tatu kwa siku: je, jojo ya nikotini inakuhusu?

Anayevuta sigara tatu kwa siku huwa hajihesabu kuwa mvutaji. Ukimuuliza atakwambia "navuta kidogo tu", na hospitalini akiulizwa na muuguzi anaweza hata kusema havuti. Shida inaanza siku anapotaka kuacha. Hapo anakuta ushauri wote umeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine: yule wa pakiti nzima, mwenye vidole vya njano na kikohozi cha alfajiri. Kwa huyo wa pakiti jibu limeshatulia miaka mingi. Atumie nikotini ya tiba, yaani jojo, plasta au pipi ya kumumunya, na awe na mtu wa kumshauri. Kwa huyu wa sigara tatu wataalamu wenyewe wamekuwa wakisitasita, na kwa maoni yangu wanasitasita kwa sababu wameshika kipimo kibovu. Wanauliza sigara ngapi. Kwetu huku, idadi ya sigara inasema zaidi kuhusu mfuko wa mtu kuliko kuhusu nikotini iliyomshika.

Angalia sigara inavyouzwa mitaani. Dirishani kwenye kiduka kuna kopo la plastiki lililokatwa nusu, sigara zimesimamishwa ndani, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba kwenye nondo ili mteja asiondoke nacho. Mtu anatoa sarafu, anachomoa moja, anainama kuwasha, anaenda zake. Kenya ilikataza biashara hii ya moja moja kwenye sheria yake ya tumbaku ya 2007, Uganda nayo ikakataza 2015, lakini kopo lipo Nairobi na Kampala kama lilivyo Dar es Salaam.

Anayenunua kwa mtindo huo havuti kadiri ya kiu yake, anavuta kadiri ya alichonacho. Bodaboda aliyepata abiria wengi leo atavuta nane. Mvua ikinyesha kutwa atavuta mbili, tena ya pili kagawana na mwenzake kijiweni. Kuna kijana anayeishi kwa wazazi, anavuta mbili kwa sababu nafasi ya kujificha ni mbili tu, asubuhi akitumwa dukani na usiku watu wakilala. Kuna mtumishi wa ofisi anayevuta nne Ijumaa na bia zake, kisha hakumbuki sigara mpaka Ijumaa nyingine. Kwenye takwimu wote hawa ni kundi moja, wavutaji wa sigara chache. Ukiwapa dawa moja kwa kipimo kimoja utamsaidia mmoja, umkere wa pili, na wa tatu umpotezee hela.

Isitoshe, mwenye sigara mbili huzivuta zote, na kwa bidii. Haachi kipisi kirefu. Anavuta mpaka karibu na chujio, na moshi anaushusha chini kabisa kabla ya kuutoa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, mmoja wa waandishi wake akiwa Neal Benowitz, bingwa wa mambo ya nikotini, ulionyesha kwamba Wamarekani weusi walivuta sigara chache kuliko weupe, lakini katika kila sigara waliingiza mwilini nikotini zaidi kwa kiasi cha asilimia 30. Yaani hesabu ya vijiti ilikuwa ndogo na dozi haikuwa ndogo kiasi hicho.

Kabla ya dawa, yupo atakayeuliza kama sigara tatu zinahitaji kuachwa kwa tiba au hata kuachwa. Hili nitalipita haraka kwa sababu ushahidi wake hauna utata. Norwei walifuatilia watu zaidi ya 42,000 waliokuwa na umri wa miaka 35 hadi 49, tangu katikati ya miaka ya 1970 mpaka 2002. Waliokuwa wakivuta sigara moja mpaka nne kwa siku walikufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo karibu mara tatu ya wasiovuta, wanaume kwa wanawake. Mwaka 2018 jarida la BMJ likachapisha uchambuzi wa tafiti 141, na jibu likaja lile lile: kwa ugonjwa wa moyo, sigara moja kwa siku humwongezea mwanamume karibu nusu ya hatari ambayo sigara 20 zingemwongezea, na mwanamke karibu theluthi. Mtu anayepunguza kutoka 20 hadi tatu anadhani ameondoa sehemu kubwa ya hatari. Kwenye mapafu amejisaidia. Kwenye moyo bado amebaki na sehemu kubwa ya deni.

Sasa tuje kwenye jojo. Mapitio makubwa ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio zaidi ya 130 yenye watu zaidi ya 64,000, yakaona kwamba nikotini ya tiba, iwe jojo, plasta au pipi, inaongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60. Ni dawa inayofanya kazi, hilo halina ubishi. Ila ukisoma ndani utaona wengi wa walioshiriki walikuwa wakivuta sigara zisizopungua 15 kwa siku. Mtu wa sigara tatu kwa siku hakuwa humo, au kama alikuwemo alikuwa mmoja mmoja. Ndiyo maana mwongozo wa tiba wa Marekani wa 2008 ulimtaja wazi mvutaji wa chini ya sigara kumi miongoni mwa makundi ambayo ushahidi wa dawa haukutosha. Walisema apewe ushauri nasaha.

Majaribio machache yaliyomlenga mtu huyu yana mambo ya kujifunza kuliko huo mwongozo. La kwanza lilifanyika Kansas City, Marekani, likiongozwa na Jasjit Ahluwalia na kuchapishwa 2006. Walichukua Wamarekani weusi 755 waliokuwa wakivuta sigara kumi au pungufu kwa siku. Nusu walipewa jojo ya nikotini ya miligramu 2, nusu jojo bandia. Baada ya miezi sita walioacha kwa jojo halisi walikuwa asilimia 14.2, na kwa jojo bandia asilimia 11.1, tofauti ndogo ambayo kitakwimu haiwezi kutofautishwa na bahati. Wanaopinga jojo kwa wavutaji wachache huishia hapo.

Lakini jaribio hilo hilo lilipima na kitu cha pili. Washiriki waligawanywa pia kwa aina ya ushauri. Wengine walipata mazungumzo ya kuwavuta taratibu wagundue wenyewe sababu zao za kuacha, mtindo unaopendwa sana na washauri wa kisasa. Wengine walipewa elimu ya moja kwa moja: sigara inakufanya nini, jojo inatumikaje, panga tarehe, jihadhari na hiki, kwepa kile. Waliopewa elimu ya moja kwa moja walioacha ni asilimia 16.7. Waliobembelezwa ni asilimia 8.5. Nusu! Napenda matokeo haya, nakiri, kwa sababu yanafanana na ninachokiona huku. Mtu ameshaamua kuacha, amekuja kuuliza afanyeje, halafu unamuuliza anajisikiaje kuhusu uvutaji wake. Mpe utaratibu.

Majaribio mengine mawili yanahusu mtafiti mmoja, Saul Shiffman wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ambaye tangu miaka ya 1980 amekuwa akiwachunguza watu wanaovuta kidogo miaka nenda miaka rudi bila kuongeza. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya pipi ya nikotini kwa wavutaji wa kila siku wasiozidi sigara 15, na pipi ilisaidia. Mwaka 2020 timu yake ikachapisha jaribio la jojo kwa watu 369 wasiovuta kila siku, wale wa Ijumaa na bia. Jojo haikuwasaidia kitu.

Ukiyaweka pamoja unaona mstari wenyewe unapita wapi. Haupiti kati ya sigara kumi na sigara kumi na moja. Unapita kati ya mtu ambaye mwili wake unadai nikotini kila siku na mtu ambaye mwili haudai, ila mazoea na marafiki ndio wanaodai. Nikotini ya tiba ni ya kutuliza arosto, yaani ile kiu ya mwili uliozoea nikotini ukiikosa. Pasipo arosto haina cha kutuliza, na usiilaumu kwa kutofanya kazi ambayo haipo.

Historia ya jojo yenyewe inasema hivyo hivyo. Wazo lilizaliwa Sweden mwishoni mwa miaka ya 1960, pale mkemia Ove Fernö wa kampuni ya dawa ya Leo alipoandikiwa na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Lund kuhusu mabaharia wa nyambizi. Ndani ya nyambizi moshi hauruhusiwi, kwa hiyo mabaharia hao walikuwa wakihamia kwenye tumbaku ya kuweka mdomoni. Kwa muda wote walipokuwa chini ya maji hesabu yao ya sigara ilikuwa sifuri. Hakuna aliyesema kwamba wao ni wavutaji wepesi wasiohitaji kitu. Fernö aliona kwamba mazingira yameondoa sigara na kiu imebaki palepale, akatengeneza jojo, na Uswisi ikawa nchi ya kwanza kuiidhinisha, mwaka 1978. Yule kijana anayejificha kwa wazazi na yule bodaboda wa siku ya mvua wanafanana na baharia kuliko wanavyofanana na mtu wa Ijumaa.

Basi arosto unaipimaje? Msweden mwingine, Karl-Olov Fagerström, alitengeneza dodoso ambalo baadaye lilifupishwa kuwa maswali sita. Kati ya hayo, moja tu lingetosha kwenye kaunta ya duka la dawa: ukiamka, sigara ya kwanza unaivuta baada ya muda gani? Ndani ya dakika tano ni alama tatu, kabla ya nusu saa ni mbili, kabla ya saa nzima ni moja. Kwenye dodoso hilo hilo, mtu wa sigara kumi kushuka chini hapati alama hata moja kwa idadi. Kwa hiyo unaweza kuvuta nne tu kwa siku na bado ukawa umeshikwa, mradi ya kwanza unaiwasha kabla hujanawa uso.

Huku kwetu tunacho na kipimo kingine ambacho Fagerström hakukihitaji. Mwezi wa Ramadhani wavutaji Waislamu hukaa tangu alfajiri mpaka Magharibi bila sigara. Mwangalie mtu jioni ya siku tatu za kwanza. Yupo anayefuturu kwa uji na tambi, akaswali, akazungumza, na sigara akaikumbuka kwenye kahawa baada ya Tarawehe. Yupo ambaye tangu alasiri amenuna, kichwa kinamgonga, anagombana na watoto, na adhana ikisikika kokwa ya tende haijatoka mdomoni, yeye yuko uani anawasha. Wote wawili wanaweza kuwa wa sigara tatu. Wa kwanza simshauri anunue jojo. Wa pili namshauri anunue, na sijali hesabu yake.

Kuhusu aina na kipimo, hapa sigara chache zinahitaji uangalifu kweli, na sioni maelezo haya yakitolewa. Sigara moja humpa mvutaji wastani wa miligramu moja hivi ya nikotini. Plasta kubwa ya miligramu 21 ni ya wanaovuta zaidi ya kumi. Wa kumi au pungufu maelekezo ya kawaida humpa ya 14. Lakini mtu wa sigara tatu akibandika hata hiyo ya 14 kutwa nzima anajimwagia nikotini kuliko aliyokuwa akiipata kwenye moshi, na matokeo yake ni kichefuchefu, kizunguzungu na ndoto za ajabu usiku. Anaibandua siku ya pili na kutangaza mtaani kwamba ile dawa ni sumu. Kwake plasta si chombo chake. Jojo au pipi ya miligramu 2 ndiyo inayomfaa, kwa sababu anaitumia pale tu kiu inapokuja: moja badala ya sigara ya asubuhi, moja baada ya chakula, moja ya akiba jioni. Ile ya miligramu 4, kwa maelekezo ya pipi, ni ya anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Hata mtu wa aina hiyo, akiwa ni wa sigara tatu, ningependa aanze na 2 na aongee na mfamasia.

Na jojo hii haitafunwi kama jojo. Wengi wanaoilaumu waliitafuna kama bazoka ya dukani, wakameza mate yote, wakapata kwikwi na tumbo kuunguza. Unatafuna taratibu mara chache mpaka usikie mwasho kama wa pilipili manga, halafu unaibana kati ya shavu na ufizi na kuacha kutafuna. Mwasho ukiisha unatafuna tena kidogo, unahamishia shavu la pili. Nusu saa inatosha. Kahawa, soda na juisi ziwe mbali kwa robo saa kabla, maana uchachu huzuia nikotini isipenye mdomoni. Mnywaji wa kahawa chungu wa barazani, ambaye sigara na kikombe ni ndugu, asipoambiwa hili atatumia kisanduku kizima bila faida.

Pingamizi moja nalisikia sana: si ni kumtoa mtu kwenye nikotini na kumrudisha kwenye nikotini? Jibu ni kwamba kinachoua kwenye sigara ni moshi, pamoja na lami na gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo. Nikotini ndiyo inayokurudisha kopoleni kesho. Ya kwenye jojo huingia polepole, haina ile ngumi ya sigara inayofika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ndiyo maana wengi huiacha bila taabu. Shirika la Afya Duniani liliingiza nikotini ya tiba kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo uliotibuka karibuni waanze kwa daktari. Wengine wasiogope.

Pingamizi lenye uzito ni la bei. Kwenye duka la dawa la kawaida mtaani jojo hii huikuti. Ukienda famasia kubwa za mjini unaikuta kwenye kisanduku ambacho gharama yake inazidi sigara za wiki kadhaa za mtu wa tatu kwa siku. Yeye anafanya hesabu hiyo papo hapo na anaondoka. Wa pakiti nzima akinunua anaokoa hela. Wa sigara chache akinunua anaongeza matumizi. Huwezi kumlaumu.

Pengo hilo wengine wameliona. Vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, vyenye ladha za kuvutia, viliingia Kenya 2019 kwa jina la Lyft, chini ya kampuni ya sigara ya BAT, vikiwa vimesajiliwa na bodi ya dawa. Mwaka 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akapinga usajili huo na kutaka viwe chini ya sheria ya tumbaku. Vikaondoka, na 2022 vikarudi kwa jina la Velo. Sitavifananisha na jojo ya tiba, hata kama ndani yake kuna nikotini ile ile. Jojo ina kipimo kinachoshuka na mwisho unaojulikana. Muuza vifuko anataka urudi mwezi ujao. Mvutaji wa sigara tatu ndiye mteja wake mzuri kuliko wote: hajazama sana, ana aibu ya moshi, na hajawahi kuambiwa na mtu wa afya kwamba msaada mwingine upo.

Huyo wa Ijumaa na bia niliyesema hahitaji jojo, anahitaji nini? Utaratibu, na mtu wa kumsimamia. Abadilishe kijiwe kwa mwezi mmoja au akae meza ya wasiovuta, awaambie wenzake wasimpe hata pafu moja, na ajue mapema atashika nini mkononi bia ya pili ikifika. Kenya kuna namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, inayopokea watu wenye uraibu wa aina zote. Aliyekwisha kujaribu jojo ipasavyo akashindwa naye ana njia. Mwaka 2022 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la vidonge vya vareniklini, dawa ya kuacha sigara isiyo na nikotini, kwa Wamarekani weusi 500, wakiwemo wa sigara chache. Baada ya miezi sita walioacha walikuwa asilimia 15.7, dhidi ya 6.5 waliopata ushauri na vidonge bandia. Vareniklini ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya tangu 2021. Kuipata huku ni habari nyingine.

Kwa hiyo jibu langu kwa mvutaji wa sigara chache ni ndiyo kwa anayedaiwa na mwili, hapana kwa asiyedaiwa, na kwa anayesitasita ajaribu jojo ya miligramu 2 kwa wiki mbili, maana atakachopoteza ni hela tu. Na hizo hela zingepungua kama maduka ya dawa yangeuza jojo hii kwa kipande. Panadoli wanatukatia viwili viwili kila siku, na mkasi uko pale pale kaunta. Mwenye duka akiagiza kisanduku kimoja, akakikata jojo sita sita, akamuuliza mteja ile sigara ya kwanza ya asubuhi anaivuta saa ngapi, na akamwonyesha namna ya kuibana shavuni, atakuwa amempa huduma ambayo hospitali nyingi hazimpi.